Gari Namba Nane na Mkono wa Baba

Picha iliyotundikwa sebuleni kwa mama tangu nikiwa msichana ilikuwa imegeuzwa, kushoto ikawa kulia, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua. Niligundua jana, Ijumaa, saa tisa alasiri, nikiwa nimesimama kwenye kibanda cha fundi wa bodi za magari, mtaani Shauri Moyo.

Safari yenyewe ilianzia mtaa wa Mowlem asubuhi, nyumbani kwa mama. Kesho Jumapili tunafanya ibada ya kumbukumbu ya baba, mwaka mmoja tangu tumzike, na mimi ndiye nitakayesoma wasifu. Baba mdogo alikuja kuupitia, akafika kwenye sentensi moja akaweka kidole. Ilisema kwamba ujanani baba alinyoosha bodi ya gari la mashindano, gari ambalo wachache hapa nchini waliwahi kuliona.

“Hii toa,” alisema. “Kanisani hatusomi hadithi. Picha kama hiyo ya ukutani mtu yeyote angeinunua studio.”

Mama alikunja leso yake mara mbili, akaikunjua. Maisha yake yote amesikia watu wakimcheka mumewe kwa sababu ya gari hilo. Nikashindwa kukaa. Niliiteremsha picha, nikaifunga kwa kanga, nikaondoka kabla chai haijapoa. Picha inaonyesha gari dogo la wazi lenye namba nane ubavuni. Kando yake mwanamume wa ovaroli, ambaye baba alisema ni yeye, ameinama juu ya tairi, nyundo mkononi, kofia imemfunika uso.

Kiamaiko nilifika saa nne na nusu kwa bodaboda. Mzee Musyoka, dereva mstaafu, anaishi nyuma ya soko la mbuzi, chumba kikiwa kimejaa maboksi ya picha za mashindano ya zamani. Watu humletea picha awaambie gari ni aina gani. Mbuzi walilia nje muda wote, naye alizungumza kwa sauti ya juu kuwashinda.

“Usiangalie sura ya gari, binti yangu. Sura hudanganya. Angalia kifuniko cha mafuta kiko wapi, bomba la moshi linatokea wapi, boneti imetobolewa vipi.” Alipitisha lenzi taratibu, kisha akairudisha mezani. “Usukani kushoto. Bomba kulia. Hili silijui, na magari yaliyokimbia hapa karibu yote nayajua. Hii picha ilipigwa Ulaya.”

“Baba hakuwahi kuvuka mpaka.”

“Basi huyu si baba yako. Pole. Kunywa maji.”

Sikuyanywa. Nilitembea, nikapanda bodaboda, nikashuka kabla ya kufika kwa sababu foleni ilinikera, nikatembea tena. Nilikuwa nikitafuta namna ya kumwambia mama.

Saa nane na nusu nilikuwa Shauri Moyo. Baba alifanya kazi mitaa hii, lakini waliofanya naye wameshakufa au wamerudi kwao magharibi mwa nchi. Nilielekezwa kwa Okello, anayesifiwa kwa kunyoosha bodi. Nilimkuta kwenye mlango wa pikapu, nyundo mkono huu, chuma cha kukingia mkono ule. Alipofika pembeni alibadilisha mikono bila kusimama, akaendelea kugonga.

“Sasa, madam. Gari iko wapi?”

Nilimfungulia kanga. Aliitazama picha, akacheka.

“Huyu buda alivaa ovaroli ya kike, ya mathe?”

“Mheshimu marehemu.”

“Namheshimu. Lakini cheki mfuko wa kifuani, uko kulia. Vifungo navyo vimepandana kike. Hakuna fundi amevaa hivyo.” Alijifuta mikono, akaipiga picha kwa simu yangu, akabonyeza mahali, picha ikageuka. “Aliyeisafisha picha studio aliweka negativu ya filamu kinyume. Na namba nane haijali upande, ndiyo maana hamkushtuka.”

Kwenye simu, mfuko ulikuwa kushoto. Usukani ulikuwa kulia, kama magari ya hapa.

Niliituma kwa Mzee Musyoka hapo hapo. Nilizunguka pikapu ya Okello mara tatu, hata akaniomba nikae kwenye debe. Simu ikalia.

“Binti yangu!” Mbuzi walisikika nyuma yake. “Hilo ni la karakana ndogo ya Waingereza iliyofungwa zamani! Bomba kushoto, kifuniko nyuma ya dereva. Yaliyofika hapa unayahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Baba yako hakudanganya kuhusu gari.”

Mowlem nilirudi saa kumi na mbili. Nilipitia duka la kuchapa picha, nikatoka na nakala iliyo sawa. Baba mdogo aliisikiliza habari yote, akakuna kidevu, akasema kama gari lilikuwa hapa basi yeye hana neno, nisome. Mama alichukua nakala, akasogea dirishani palipokuwa bado na mwanga. Nilisubiri atabasamu.

“Na nyundo?” aliuliza.

“Nyundo imefanyaje?”

“Sasa iko mkono wa kushoto. Baba yenu hata chai hakukoroga kwa kushoto.”

Nilimweleza kuhusu Okello, jinsi fundi wa bodi anavyobadilisha mikono kulingana na pembe. Alinisikiliza hadi mwisho.

“Huyo Okello alimwona baba yako akigonga?”

“Hapana, mama.”

“Hata mimi sikumwona. Karakana sikuwahi kwenda.”

Kwa hiyo nimejifunza hili: gari lilikuwa la nadra, na lilikuwa hapa; aliyeshika nyundo ni nani, bado sijui. Leo ni Jumamosi. Nakala imetundikwa mahali pa ile ya zamani, mama ameketi akiitazama, na ile sentensi bado imo kwenye karatasi yangu, ndani ya mabano ya penseli niliyoyachora mwenyewe.