Mukankusi Ataka Mtoto Aulizwe Mwenyewe

Gisenyi, 1957. Saa moja asubuhi Mukankusi anapuliza makaa ndani ya pasi. Shuka za hoteli ya ufukweni zimejaa kikapu. Kando yake Uwimana, msichana wa miaka tisa, ananyunyizia foronya maji.

Majirani humwita “mtoto wa ofisi”. Mukankusi hapendi kabisa.

“Ofisi haikukesha naye siku ya homa,” anasema. “Mi njo nilikesha.”

Mama yake Uwimana alipofariki, ofisi ya watoto ilimkabidhi kwa dobi huyu. Tangu hapo, kila miezi sita, madamu wa ofisi huja na karani wake, Straton, kuamua kama mtoto abaki au ahamishwe. Hukagua paa, mkeka na sufuria. Huzungumza Kifaransa wao kwa wao, kisha huondoka.

Kabla ya kila ziara, Uwimana hufunga gauni lake la pili katika kitambaa, akakaa mlangoni. Hakuna aliyemwagiza.

Mwezi uliopita madamu alikuja na uamuzi. Mume wa Mukankusi, dereva wa lori, amefariki. Nyumba haina mwanamume, kwa hiyo mtoto apelekwe kwa wakulima wa Kanzenze. Straton alitafsiri akitazama chini.

Mukankusi aliweka pasi chini, akasimama mlangoni.

“Bon. Mutoto iko hapa. Iko na masikio, iko na kinywa. Mumuulize.”

“Mama, hiyo haiko desturi,” Straton alisema.

“Basi ianze leo. Bila hivyo, hapa hamupiti naye.”

Madamu alimgeukia mtoto, akamwambia kupitia Straton kwamba Kanzenze atatunzwa vizuri, akamuuliza kama anataka kwenda. Uwimana alimkazia macho.

“Mulisema hivyo hivyo siku mulimupeleka Gratien. Gratien iko wapi?”

Mukankusi hakuwahi kulisikia jina hilo. Ndipo Uwimana akamweleza: Gratien ni mdogo wake. Walitenganishwa kabla dada hajafika kwake, mvulana akiwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea.

“Mbona hukuniambia, mwanangu?”

“Niliogopa. Nikimutaja, na mi watanihamisha.”

Madamu alikiri kwamba mambo hayo yalifanyika kabla yake, na hajui mvulana aliko. Uhamisho wa Kanzenze ukaahirishwa hadi ziara ijayo. Mwandishi wa makala haya alipouliza ofisini, alijibiwa kwamba mvulana anatafutwa.

Mukankusi hangojei jibu hilo. Jumapili, baada ya misa, hupanda vilima vya Rubavu akiuliza nyumba kwa nyumba kuhusu mvulana aliyeletwa na ofisi. Wengine humfungia mlango. Jirani mmoja alimcheka: mjane anatafuta mdomo wa pili wa kulisha?

“Nilimujibu, we cheka tu,” anasema, akigeuza shuka. “Nguo chafu haiishi Gisenyi, kazi iko kila siku.”

Naye madamu akirudi?

“Wakuje na Gratien, nitawapa kiti. Wakikuja bila ye, tutaongea wakisimama inje, na mutoto atauliza tena.”

Uwimana, mikono ingali na maji, anaitikia: “Nitauliza.”