Aliwabatiza Watoto wa Wenzake kwa Maji, Mjukuu Wake kwa Chai

Tak, tak, tak. Saa kumi na nusu alfajiri, Linah Jepkemei anagonga kichujio ukingoni mwa sufuria, polepole, asije akamwamsha bintiye, Cherop. Anamimina chai kwenye thamosi, anaifunga vizuri, anaiweka karibu na kitanda chake. Yeye mwenyewe anakunywa maji moto. Tangu Aprili mwaka jana, chai haijapita kooni mwake.

Nje, hapa Kuresoi, ukungu umelalia mashamba ya viazi. Linah, mwenye miaka 58, anavaa gambuti, anajifunga leso na kuanza safari ya kilomita nne hadi kituo cha afya anakofagia wodi ya akina mama. Ameifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa. Kabla ya kushika ufagio hupita kila kitanda, akiuliza nani hakulala na nani hana nguo kavu.

"Mathe, leo umechelewa. Nilikuwa karibu kupiga deki mwenyewe," anamtania Makhanu, muuguzi wa zamu.

"Wewe, daktari? Wagonjwa wangehitaji mtumbwi."

Makhanu anacheka. Linah anatabasamu kidogo, kisha anainama kuchukua ndoo.

Kwa miaka mingi alikuwa na kazi nyingine humu, isiyoandikwa kwenye barua ya ajira. Mtawa mmoja aliyekuwa muuguzi hapa alimfundisha kwamba mtoto akiwa anaaga, na padri hawezi kufika, mtu yeyote anaweza kumbatiza. Maji kichwani mara tatu, jina lake, na yale maneno ya Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Wakati wa masika barabara hii haipitiki, na padri yuko mbali.

"Sikumlazimisha mtu," anasema. "Nilikuwa namwuliza mama kwanza. Mmoja aliniambia kanisani kwao wanangoja mtu akue, azamishwe mtoni akijua anachofanya. Nikamwambia sawa. Nikamsaidia kumbeba mtoto, tukakaa naye mpaka akaaga."

Aliowabatiza ni 43. Wanne walipona, na mmoja wao sasa ni msichana wa shule ambaye humpungia mkono njiani. Wengine walizikwa, majina yao yakaandikwa katika kitabu cha ubatizo cha parokia.

"Kwangu ubatizo ni kumwambia mtoto kwamba ana kwao," anasema Linah. "Hajakaa duniani hata siku moja, lakini asiondoke kama mtu ambaye hakuna aliyekuwa akimngoja."

Ndipo ikaja Aprili ya mwaka jana. Cherop, binti yake wa pekee, alishikwa na uchungu mimba ikiwa ya miezi sita tu. Ilikuwa saa tisa alasiri, mvua ikimwagika. Gari la wagonjwa lilikwama, wakachukuliwa na Kihara, dereva wa pikapu ya viazi. Kihara alitoa turubai kwenye magunia yake akawafunika wao, viazi vikalowa. Nusu ya njia ya kwenda hospitali, pikapu nayo ikazama kwenye matope. Hapo ndipo mtoto alipozaliwa, mvulana wa kutosha viganja viwili.

Linah alijua hatakaa. Hatua nne kutoka pale, mtaro wa barabarani ulikuwa umejaa maji. Mkononi alikuwa na thamosi ya chai aliyombebea bintiye.

"Alikuwa baridi sana," anasimulia. "Na yale maji ya mtaro ni kama barafu. Niliogopa kumshtua. Nikamimina chai kwenye kifuniko, nikaipoza, nikaipima na kiwiko kama anayemwogesha mtoto. Nikambatiza nayo. Nikamwita Jonah."

Jonah alipumua dakika kumi na moja. Kihara alikuwa amesimama kwenye mvua, amewapa mgongo, kofia mkononi.

Siku ya mazishi, katekista Weldon alifungua daftari lake na kuuliza swali lake la kila mara: "Ulitumia maji?"

"Chai," Linah alijibu. "Ya maziwa."

Weldon alifunika kalamu. Alikaa na familia hiyo mpaka jioni, akawapasulia kuni, lakini jina hakuliandika: kwa Kanisa, ubatizo ni wa maji tu.

Linah alikwenda kwa padri. Padri hakumkemea. Alimwambia Kanisa humkabidhi mtoto kama huyo kwa huruma ya Mungu, na kwamba Mungu hafungwi na maji.

"Nikamwambia, Fada, kama hafungwi na maji, mimi nimekuwa nikikimbia na kikombe miaka hii yote kwa nini? Na kama maji ni lazima, basi nimemnyima mjukuu wangu kitu nilichowapa watoto wa watu. Niambie ni lipi. Akanishika mkono tu."

Tangu hapo hajabatiza tena. Nyumbani, Cherop hamlaumu. "Angenitukana, ningeshukuru," anasema mama yake.

Jumanne wiki hii, mzazi aitwaye Wangui, ambaye mmoja wa mapacha wake alikuwa anazimika, alimwomba ambatize. Linah alificha mikono ndani ya leso.

"Hii mikono ilikosea, mama. Tafuta mingine."

Kikombe kilishikwa na Makhanu. Yeye ni wa Kanisa la Marafiki, ambao hawabatizi kwa maji kabisa. Alimwomba Linah amtajie maneno, akayarudia moja moja, maji yakimwagikia viatu. Mtoto alifariki kabla ya saa sita mchana. Jina lake limeandikwa.

"Nilifurahi kwa ajili ya Wangui," anasema Linah. "Kisha nikaingia stoo nikalia. Mtu ambaye kwao hawatumii maji aliyakumbuka. Mimi ninayeyaamini yalikuwa hatua nne, nikayaacha."

Atastaafu Desemba. Mpango wake ni kumwandikia askofu, aombe jina la Jonah litiwe kitabuni, hata pembeni mwa ukurasa, hata kwa penseli. Haamini kwamba atajibiwa.

Jioni, akimsindikiza mgeni wake, mwandishi wa habari hii, hadi barabarani, hauachi mkono wake. Anasema kijijini mjukuu wake huitwa "ile shida ya Cherop". Hakuna anayemtaja kwa jina.

"Uje tena," anasema, "hata kama hakuna la kuandika. Ukifika hapo dukani usiulize kwa Linah. Uliza kwa nyanya wa Jonah. Watakuambia hawamjui huyo. Wewe uliza tu."