Wifi Yangu Anashinda Njaa kwa Uongo Wangu

Kosa tunalofanya wanawake wengi wa umri wangu ni kuamini kwamba kila kilo inayopungua ni habari njema. Tukinenepa tunajilaumu, tukikonda tunajipongeza, wala hatujiulizi mwili umekonda kwa nini. Mimi nimelifanya kosa hilo, kisha nikawafundisha wengine walifanye.

Admin, naomba unifiche jina. Nina miaka hamsini na sita, ni mwalimu mstaafu wa baiolojia, naishi na mume wangu upande wa Meru, si mbali na Tengeru.

Hedhi ilipokoma nilianza kunenepa tumboni. Nieleze kidogo, maana wengi hatukuambiwa. Umri huo homoni iitwayo estrojeni hushuka, misuli hupungua, na mafuta yaliyokuwa yanakaa mapajani huhamia tumboni. Unaweza kula kile kile ulichokula miaka yote na bado ukanenepa. Si ulafi. Nililijua hilo, lakini halikunisaidia siku wifi yangu, dada wa mume wangu, aliponishika tumbo mbele ya wageni na kusema, "Wifi, huyu wa uzeeni tumpe jina gani?" Watu walicheka. Na mimi nilicheka, ila sikusahau.

Mwaka huu nikaanza kukonda bila kujaribu. Kiu haikuisha, chooni nilikwenda kila mara, nikasema ni mambo ya umri tu. Siku moja kwenye ibada ya jumuiya, tunayofanya nyumba kwa nyumba, wifi huyo huyo alinizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani.

"Wifi, umemeza nini? Acha uchoyo, sema!"

"Mwalimu, tufundishe," wengine wakadakia.

Mimi ni mtu niliyezoea kusimama mbele ya darasa, na neno "sijui" halinitoki kirahisi. Nikawaeleza habari za homoni, na hapo nilisema kweli. Kisha nikaunganisha uongo: kwamba nimeacha ugali, ndizi na loshoro, asubuhi nakunywa maji ya ndimu na tangawizi, na nakula mlo mmoja tu kwa siku. Sikuwa nimefanya hata kimoja. Asubuhi ile ile nilikuwa nimemaliza bakuli zima la mtori wa ndizi.

Baadaye macho yakaanza kuona ukungu, nikaenda hospitali mjini Arusha. Daktari, kijana wa umri wa wanangu, aliniamkia shikamoo, akapima, akaniambia nina kisukari. "Mama, sukari inabaki kwenye damu, haifiki inakotakiwa. Mwili ukikosa nguvu unaanza kujila wenyewe, misuli na mafuta. Huku siyo kupungua uzito kwa njia nzuri." Somo hilo nimelifundisha mwenyewe, ubaoni, na michoro yake.

Nilirudi nyumbani na vidonge. Mume wangu nilimwambia ni vitamini. Jumuiyani sikusema kitu, na kila wiki iliyopita ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi.

Kwetu, ibada ikiisha, mwenye nyumba huleta loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, na kila mtu anakula. Kukataa ni kama kumwambia mama wa watu kwamba mkono wake mchafu. Siku hizi bakuli linagusishwa mdomoni na kupitishwa. Mara ya mwisho tulikuwa kwa mjane mmoja mzee. Alipoona chakula kinarudi jikoni vile vile, aliuliza kwa sauti ndogo, "Maziwa yangu yameharibika?"

"Hapana, mama," wifi akamjibu. "Tuko kwenye somo la Mwalimu." Halafu, katika maombi ya kufunga, akamshukuru Mungu kwa kutupatia mwalimu asiyeficha elimu yake. Nilisema amina pamoja na wengine.

Wifi analima nyanya huko Kikwe na anatumia dawa za presha. Anashika jembe tangu asubuhi akiwa na maji ya ndimu tu tumboni. Jumamosi iliyopita nilikwenda sokoni Tengeru, nikamkuta anapanga matenga yake ya nyanya. Tulikuwa bado tunasalimiana alipoyumba, akaanguka. Tulimlaza kivulini, tukampa chai ya sukari kidogo kidogo. Alipopata nguvu alinishika mkono.

"Usimwambie kaka. Atanikataza, na sendoff ya mwanangu ni mwezi ujao. Lile gauni lazima linikae."

"Wifi, ule."

"Nitakula siku ya sendoff mpaka mnikataze." Akacheka, kisha akanitazama. "Lakini mbona wewe hukuwahi kuanguka?"

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikamjibu, "Miili inatofautiana, wifi."

Kinachonitesa si uongo peke yake. Ni kwamba, kwa siri, nilifurahi kuona aliyenicheka akinipigia magoti kuomba siri yangu. Furaha hiyo ndiyo iliyonifunga mdomo, mimi niliyejua fika mwili unaofanya kazi nzito bila chakula unakwenda wapi.

Nikimwambia, atajua kwamba pale chini alinishika mkono na bado nikamdanganya. Nikinyamaza, ataanguka tena, na safari ijayo huenda atakuwa peke yake shambani. Najua lazima niseme. Nisichojua ni pa kuanzia. Nimwite yeye peke yake kwanza, au nisimame jumuiyani mbele ya wote niliowadanganya, naye akiwamo? Ndugu zangu, mngekuwa mimi mngeanza vipi? Nisaidieni, hata kwa kunikemea. Nitasoma kila neno.

Na wewe uliyekonda bila kujua sababu, usingoje maoni ya watu hapa: leo hii, nenda kapime sukari.