Gunia Juu ya Mchanga wa Gofu

Alasiri ile baba alipotoroka na gunia lake nyumbani kwetu Gungu, sikwenda polisi wala msikitini. Nilichukua bodaboda hadi mlimani, palipokuwa na shimo la kwanza la uwanja wa gofu.

Uwanja wenyewe haupo tena. Wazungu wa reli waliuchonga kwenye vilima vinavyotazama ziwa, na sijui nani aliwaroga wakachagua pale. Shimo la kwanza, yaani njia yote ya kupiga mpira hadi kwenye tundu lake, lilipanda mlima mpaka mchezaji anatweta. La pili lilifuata mgongo wa kilima. Ukikosea kidogo tu, mpira unabingirika korongoni na huuoni tena. Kisha unavuka korongo, unapanda upya, upepo wa ziwa ukikupiga usoni. Mabosi weusi waliowarithi Wazungu walilalamika vilevile, wakaendelea kucheza. Baadaye reli ikadorora, magugu yakashinda, viwanja vikagawiwa, watu wakajenga.

Baba alifanya kazi humo tangu ujana. Majani laini hayakuota kwenye kokoto zile, hivyo kila shimo lilizungukwa na mchanga uliochanganywa na oili chafu ya garimoshi. Kazi yake ilikuwa kuburuta gunia juu ya mchanga huo, kufuta nyayo kila kundi likishapita. Wachezaji wakija, alisimama pembeni kimya hadi wamalize. Sasa ana ugonjwa wa kusahau. Jina langu huja na kuondoka, lakini uwanja haujamtoka. Nauonea wivu, na sioni haya kusema.

Nilifuata mashimo kwa mpangilio aliotufundisha utotoni, nikikatiza kati ya nyumba za watu, nikimuulizia mzee mwenye gunia. Jua lilikuwa linashuka, na huko chini kuna maji. Niliogopa sana.

Shimo la mwisho liliteremka hadi karibu na ufuko, upande wa Kibirizi. Leo ni ua wa mama mmoja anayeanika dagaa mchangani. Nilimkuta amejishika kiuno. Baba alikuwa ameburuta gunia juu ya dagaa wake wote. Mchanga umesawazishwa vizuri kabisa, dagaa wamefukiwa.

"Nimemwambia, yewe mzee, toka. Hasikii," alisema. "Ni baba yako?"

"Ndiye. Nisamehe, mama. Nitarudi tuwaokote pamoja."

Nikamgeukia baba. "Baba, twende nyumbani. Ni mimi, mwanao."

"Mwanangu yuko shule," akajibu.

Kisha akanitazama, mkoba wangu na viatu vyangu vya kazini. Akasogea pembeni, akavua kofia, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama. Nimeshapatengeneza. Karibu upige."

Baba yangu aliniamkia. Yule mama mwenye dagaa akatazama chini. Nilitaka kumkatalia, nimwambie kwamba mimi ndiye wa kumwamkia yeye. Lakini giza lilikuwa linaingia, na kwa kuombwa na mwanawe asingeondoka pale.

"Marahaba," nikasema. "Tumemaliza kucheza."

Akakunja gunia lake akanifuata, akibaki nyuma yangu njia nzima.