Siku Niliyovishwa Hadi Gauni Likapotea

Siku ya kuzaliwa kwangu hakuna aliyeiandika. Mama alisema nilizaliwa mwaka wa nzige, dada yake akasema hapana, nzige walikuwa wameshaondoka. Sasa wanangu wakakaa kwenye kikundi chao cha simu, wakapiga kura, wakaamua natimiza themanini kati ya Krismasi na mwaka mpya, maana ndio wakati wote wanakuwa wamepanda nyumbani Kilema na magari yao. Basi nikazaliwa siku hiyo. Kuna misa ya shukrani, kuna ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, kuna mbege, pombe yetu ya ndizi. Nibishe nini hapo?

Shida ilikuwa nivae nini.

Mjukuu wangu, binti wa mwanangu mkubwa, alisoma Dar, na alipomaliza akabaki huko anajifunza kazi inaitwa stailisti. Nilimuuliza, ndio fundi cherehani huyo? Akanijibu kwa ile sauti yake ya Dar, inayoteleza kama bamia: "Hapana bibi, yaani mimi sishoni. Mimi nampangia mtu luku yake. Namwangalia tu, najua avae nini, na kiatu gani, na kichwani afunge nini."

Nikamwambia kazi hiyo nimeifanya soko la Himo mpaka magoti yakachoka, nimesimama juu ya robota la mitumba. Mtu akija nilikuwa namwangalia mara moja tu, natupa mkono ndani, natoa blauzi yake. Ila mimi nilikuwa naitwa mama mitumba. Stailisti sikuwahi kuitwa na mtu.

"Basi bibi wewe ni stailisti orijino," akasema.

Baba yake yeye hiyo kazi hakutaka hata kuisikia. Mwanangu huyu yuko ofisini kiwanda cha sukari kule chini, na anaongea kama anasoma kumbukumbu za kikao. Hata akitaka chumvi ataanza na kwanza. Siku hiyo alikaa kwenye kochi langu, akakohoa, akaanza: "Kwanza, hiyo sio taaluma. Pili, watu wana mikono, wanajivalisha wenyewe. Tatu, nafasi ya chuo cha uuguzi nimeshampatia, kinafungua Januari. Huo ndio msimamo."

Jioni mtoto akaja jikoni kwangu, akakaa kwenye kigoda, akaniambia jambo ambalo baba yake hakulijua bado. Kuna mama mmoja Arusha ana duka kubwa la nguo za sherehe, anavalisha maharusi na wake za wakubwa. Yule mama anatafuta msichana wa kumsaidia kuvalisha watu. Amewaambia wote wanaoomba: mabinti wazuri kila mtu anaweza kuwavalisha, hata gunia litawapendeza. Nileteeni picha ya bibi kizee mliyemvalisha ninyi, nione.

"Bibi kizee ndio mimi?" nikamuuliza.

"Bibi, sijasema hivyo."

"Umesema. Endelea."

Akasema picha inatakiwa ifike Arusha kabla ya mwaka mpya. Ikipendwa, baba yake ataonyeshwa ajira kamili, sio maneno matupu. Isipopendwa, Januari ataingia chuo cha uuguzi, atachoma watu sindano. Na huyu mtoto akiona damu ya kuku anakaa chini. Niliona mwenyewe Pasaka.

Nikakubali. Akaleta futi kamba, akaanza kunipima.

"Bibi simama wima."

"Nimesimama. Wima yangu inaishia hapa."

"Bibi una umbo la peasi."

"Sema parachichi. Peasi sizijui."

Nilitaka gauni jekundu lenye mabega yaliyofura, na maua. Akakataa. Akashuka Moshi mjini, akazunguka maduka ya vitambaa siku mbili, akarudi na kitambaa cha kijani, kijani ya jani la mgomba lililonyeshewa. Fundi akashona gauni limenyooka, mikono mirefu, shingoni kuna uzi wa dhahabu mwembamba, usipoangalia huuoni. Kwa kichwa akatafuta kilemba cha rangi ya ndizi mbivu. Nilipojiangalia kwenye kioo cha kabati niligeuka upande huu, nikageuka na ule, mpaka mtoto akaniambia basi. Nilikuwa kama mama mkuu wa masista ambaye ameolewa na mtu mwenye uwezo.

Mpango wake ulikuwa hivi. Amemwita mpiga picha kutoka Moshi, kijana mwenye kamera ya kwelikweli, aje saa kumi jioni. "Saa kumi jua linakuwa limelegea, bibi. Mwanga unakuwa dhahabu. Mchana jua linakukunja uso." Kanisani hakutaka picha, eti kuna kivuli. Kwa hiyo: misa asubuhi, chakula mchana, zawadi saa tisa, picha saa kumi. Aliniandikia karatasi nzima. Mimi shule niliiona kwa nje tu, nikiwapelekea masista ndizi, kwa hiyo akanisomea.

Aliposoma "zawadi saa tisa" mimi nilijua. Nilijua vizuri sana, na sikusema.

Ngoja nieleze. Kwetu huku mama akifanyiwa sherehe hapewi kitenge kwenye mfuko. Anavishwa. Kila mwanamke anakuja na chake, anaimba, anacheza, anakifungua, anakufunga kiunoni au anakutupia begani, na anayefuata anafunga juu ya hicho. Ukimaliza umekuwa mnene kama kihenge cha mahindi. Na huvui. Ukivua cha mtu mbele yake umemvua yeye, na maneno yake utayasikia mpaka Kwaresima. Mjukuu wangu alikulia shule za bweni na Dar, huku anakuja kula ndafu na kuondoka. Haya hakuyajua.

Nilinyamaza kwa nini? Kwa sababu miaka yote nimevisha wenzangu. Nimefunga vitenge kwenye viuno ambavyo mkono haukuzunguka. Siku yangu ilikuwa imefika, na nilitaka vyote, na nilitaka wifi yangu aone. Nikasema moyoni, picha itapigwa tu, mtoto atatafuta njia. Ulikuwa ubinafsi huo, naukubali.

Misa ilienda vizuri. Padri alinisifu kwa ile sauti yake ya taratibu, kama anamwaga asali kwenye kijiko: "Mama yetu huyu... ni nguzo... ya jumuiya." Mimi nilikuwa nawaza kiatu. Mjukuu alinivika viatu vya kamba nyembamba, mimi ambaye miguu yangu inajua yeboyebo tu.

Saa tisa wakanikalisha kwenye kiti chini ya turubai. Wanawake wakajipanga kuanzia mlangoni hadi kwenye zizi la mbuzi. Wimbo ukaanza. Wifi yangu akawa wa kwanza, maana hajawahi kuwa wa pili maishani mwake. Kitenge chake kilikuwa cha zambarau na kimechorwa mafeni, yale ya kupepea, makubwa, feni moja limekaa sawasawa kwenye tumbo langu. Akaongea kwa ile sauti yake nyembamba: "Wifi, hiki nimekifuata Moshi mwenyewe, sikutuma mtu." Akakaza fundo mpaka nikatoa pumzi.

Wakafuata wa jumuiya, wa kwaya, majirani. Njano juu ya zambarau, nyekundu juu ya njano, cha bluu chenye funguo begani, kingine juu ya kilemba. Vitenge vilipofika kama kumi na viwili, lile gauni la kijani lilikuwa limezikwa. Hata uzi wa dhahabu.

Ndipo mpiga picha akafika na pikipiki. Akavua kofia, akaniangalia, akamwuliza mjukuu wangu pole pole, lakini mimi masikio yangu yako salama: "Dada, gauni liko wapi?"

Mtoto aliingia nyuma ya jiko, kule ndafu ilikokuwa inachomwa. Nikaona kupitia kwenye upenyo wa turubai amesimama kwenye moshi, anafuta macho, na ukimuuliza angekwambia ni moshi. Baba yake akamfuata. Sauti yake ikaja mpaka nilipo: "Kwanza, usilie mbele ya wageni. Pili, nilikwambia. Muuguzi ana sare yake, anaivaa, basi. Hakuna anayekuja kumfunika." Halafu kwa sauti ya chini: "Januari si mbali, mama. Utazoea."

Huyo mwanangu akimwita binti yake mama, ujue na yeye anaumia. Lakini hiyo "utazoea" ndiyo iliyonichoma. Mimi pia niliwahi kuambiwa nitazoea, mambo mengi, na nikayazoea, na sikuyapenda hata moja.

Nikainua mkono. Wimbo ukakatika.

"Jamani," nikasema, "mnanitundika nguo kama kamba ya kuanikia. Huku begani nimepinda, huku kiunoni naanguka. Mwiteni mjukuu wangu. Yeye kazi yake ni kuvalisha watu, amesomea. Kuanzia sasa kila mwenye kitenge atampa yeye, wavishe pamoja."

Wifi yangu akasema, "Kwani sisi tumekosea kufunga?"

"Wewe umefunga vizuri, wifi. Umefunga kama mzigo wa mabua."

Wakacheka, na yeye akacheka, ingawa kwa upande mmoja wa mdomo. Mtoto akaja, macho mekundu. Akainama kwenye sikio langu: "Bibi, luku yangu imekufa. Tuvitoe vyote?"

"Ukitoa hata kimoja tunahama Kilema. Kuhamisha tu ndio unaruhusiwa."

"Na hiki cha mafeni?"

Nikamwambia siri ya Himo, ambayo hata binti zangu sikuwapa. Nguo mbaya usiiweke chini, mnunuzi ataichimbua. Iweke katikati ya mbili nzuri, itaonekana uliikusudia.

Akaniangalia. Halafu nikaona kile kitu, ile namna ya macho, mtu anapoacha kukuona wewe na kuanza kuona rangi. Akaniinua. Zambarau la mafeni akalifungua, akalishusha lizunguke chini ya kiuno, feni moja likabaki upande, na juu yake akaleta njano ya kwaya, na chini yake akaacha kijani cha gauni kionekane kiganja kizima. Akakunja ncha ya kitenge chekundu, mkono wa gauni ukatoka na kifundo changu cha mkono. Cha funguo akakipitisha begani kama mshipi wa shemasi. Wale waliobaki kwenye mstari wakaanza kuangalia vitenge vyao wenyewe. Mama mmoja wa kwaya akauliza, "Mwanangu, hiki cha kwangu ukiweke wapi ili kionekane?" Mtoto akajibu kwa upole lakini kama mkubwa, "Shangazi, hiki ni kizito, kitakaa chini kwenye pindo. Nishikie hapa. Vuta. Hapo hapo." Wakawa wanamtii. Wanawake wa Kilema, ambao padri mwenyewe huwaomba.

Sikuona kitu mimi, nilikuwa ndani ya hivyo vitenge. Lakini niliona nyuso zao.

Wa mwisho ni mtoto wa kwanza wa kiume, na yeye huleta blanketi. Mwanangu akaja na lake limekunjwa kwenye plastiki. Akakohoa. "Kwanza, namshukuru Mungu. Pili, mama, baridi ya huku tunaijua." Akalifungua. Blanketi lina chui, mkubwa, ameachama. Watu wakapiga vigelegele, na yeye akanyoosha mikono animwagie lote kichwani, kama desturi.

"Baba, hapana," mjukuu akasema.

Ndafu yenyewe nadhani iliacha kuchuruzika.

"Likunje mara mbili," akasema. "Sasa tena kwa urefu. Lete magotini kwake. Uso wa chui uje mbele. Baba, sio hivyo, amegeuka."

Mwanangu, ambaye kiwandani watu wanasimama akiingia, akapiga magoti kwenye nyasi na suti yake, akamgeuza chui. Akarudi nyuma hatua mbili, akaangalia, akasogea tena, akanyoosha sikio moja la chui lililokunjika. Hakuambiwa hilo. Alifanya mwenyewe.

Mpiga picha akapiga. Mimi niliambiwa nisicheke, nikacheka. Usiku huo mtoto akaituma Arusha, pamoja na ile ya gauni peke yake.

Yule mama wa Arusha alipiga simu siku mbili baadaye, wote tukiwa tumekaa nje tunamenya ndizi. Mtoto akaweka sauti kubwa. Mama yule ana sauti nzito ya mtu aliyezoea kujibiwa haraka: "Picha ya kwanza uliyonitumia, ya gauni lenyewe kwenye hanga, ni nzuri, ninazo mia kama hiyo. Hii ya bibi na chui. Hayo matabaka nani alipanga?"

"Mimi," akasema mjukuu. Akaniangalia. "Na bibi."

"Bibi simhitaji. Wewe njoo tarehe tano, tuanze na miezi mitatu ya kujaribu."

Mwanangu akaomba simu. Nikajua tumekwisha. Akauliza: "Kwanza, kuna mkataba? Pili, analala wapi? Tatu, bima?" Akajibiwa yote. Akarudisha simu, akamenya ndizi tatu.

Halafu akaingia ndani, akatoka na karatasi, akakaa kwenye meza yangu ya nje kuwaandikia chuo kwamba nafasi wampe mwingine. Akawa ananisomea kila alichoandika. Alipofika kwenye sababu akakwama. Akakata, akaandika, akakata tena.

"Andika amekuwa stailisti," nikamwambia.

"Mama, barua rasmi haiwezi kuwa na neno kama hilo."

Akafikiri sana, kalamu mdomoni kama alivyokuwa akifanya utotoni. Mwisho akaandika, akanisomea kwa sauti ya kikao: binti yangu ameajiriwa Arusha, akiwa Afisa Mavazi.

Akapiga sahihi, akaikunja kwa uangalifu, kona kwa kona.