Tawi Nililoliondoa Njiani

Ipo siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo naikumbuka kuliko siku niliyooa, na mpaka leo sijaielewa yote. Nakuandikia kwa sababu nimesikia umemaliza masomo, na kwamba unakaa barazani kwa mama yako tangu asubuhi mpaka jioni ukifikiri: kazi hii au ile, uende au ubaki. Sikucheki. Nilikuwa hivyo hivyo, pengine kukuzidi.

Ilikuwa wakati wa Mjerumani, reli ikiwa bado mpya Morogoro na watu wakienda stesheni kulitazama gari la moshi bila safari yoyote. Nilikuwa nimetoka shule ya serikali huko pwani, najua kusoma, kuandika, hesabu, na Kijerumani cha kunitosha kuitikia nikiitwa. Niliahidiwa ukarani mjini, ila niliambiwa nisubiri mwezi mmoja. Mwezi huo ulinitesa. Nilijiuliza kama ukarani unanifaa, nikajiuliza kama mimi naufaa, kisha nikajiuliza kwa nini najiuliza.

Baba mkubwa, aliyekuwa jumbe wa kijiji kimoja upande wa Kingolwira, alichoka kunitazama. Akaniambia, "Nenda mlimani kwa wajomba zako ukatembee. Hapa unanichosha mimi na kuku wangu."

Mama yangu alikuwa Mluguru, lakini mimi nilikulia bondeni, na milima ile nilikuwa nikiiona kwa mbali tu, imefunikwa na mawingu. Nikachukua shanta, nikatia blanketi, unga, chumvi na daftari langu, nikapanda.

Siku ya pili nilifika kwenye nyumba ya wasafiri, juu, upande wa Mgeta. Usifikirie hoteli. Lilikuwa banda refu la udongo na nyasi, mikeka imepangwa ukutani, jiko moja katikati. Wabeba tumbaku walilala hapo, na watu wa misheni, na wapagazi waliokosa kazi tangu reli ilipokuja. Mwenye nyumba alikuwa Bibi Mwanaidi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, na aliyemsaidia ni kaka yake, Mzee Mloka. Huyo nilimwita mjomba, maana mlimani kila mwanamume wa rika lake kwangu alikuwa mjomba.

Nyumba ile ilikuwa na desturi moja. Ukifika, kabla hujavua mzigo, Bibi Mwanaidi alikuuliza, "Nyuma yako nani?" Ulitaja uliyemwona au uliyempita njiani, naye aliongeza maji chunguni au hakuongeza. Mimi siku ya kwanza nilijibu, "Nyuma yangu hakuna kitu, bibi," nikageuka kujitazama. Watu walicheka mpaka nikatamani kurudi Kingolwira.

Aliyecheka zaidi ni Masanja. Huyu alikuwa Mnyamwezi, mpagazi wa zamani, mtu mzima aliyekwisha kutembea mpaka Ujiji na kurudi sijui mara ngapi. Wanyamwezi na Waluguru ni watani, hilo unalijua, lakini mimi nilikuwa nimelisikia tu, sijaliona likifanywa asubuhi mpaka jioni. Masanja alikalia kigoda cha Mzee Mloka, akamwita Bibi Mwanaidi mke wake, akasema Waluguru wanaishi mlimani kwa sababu wamefukuzwa bondeni na mbu. Mzee Mloka akamjibu kwamba Mnyamwezi hata akifa hubeba jeneza lake mwenyewe, kwa mazoea. Nilikaa pembeni na daftari langu nikishindwa kujua nani amekasirika. Nilikuwa nikisubiri ngumi. Badala yake waligawana ugoro.

Nikakaa siku nane. Kila asubuhi nilitembea, na Masanja alipenda kufuatana nami kwa sababu, alivyosema, hajawahi kutembea bila mzigo na anataka kujua ladha yake. Tulipanda mpaka msitu unapoisha na nyasi zinapoanza, huko juu ambako baridi huingia mpaka kwenye meno. Alinionyesha jinsi ya kukanyaga kwa kisigino wakati wa kushuka. Mimi niliandika kila kitu. Aliniita karani, ingawa ukarani wenyewe nilikuwa sijaupata.

Siku ya tisa tulitoka mapema kupitia mgongo wa mlima, tukikusudia kurudi kwa njia ya chini, ambayo mimi nilikwisha kuipita pamoja na Mzee Mloka, lakini Masanja alikuwa haijui. Adhuhuri, tukiwa tunarudi, mguu wake wenye kidonda cha zamani ukaanza kumsumbua. Akakaa juu ya jiwe.

"Tangulia, karani. Kawaambie wasile chakula changu."

"Nikusubiri."

"Ukinisubiri utanitazama, na ukinitazama utafikiri, na ukifikiri mimi napata homa. Nenda. Njia itaniambia."

Nilitaka kumwambia kwamba mbele kuna njia panda, na kwamba ashike mkono wa kushoto. Kisha nikaona nitakuwa namdharau mtu aliyefika Ujiji. Kisha nikaona kutomwambia ni vibaya zaidi. Nilipokuwa bado naamua, miguu yangu ilikwisha kwenda.

Nilipofika kwenye njia panda nikakuta tawi limelala katikati ya njia ya kulia. Lilikuwa bichi, majani yake bado yana maji, na limekatwa kwa panga.

Hapa lazima nikueleze jambo. Nilipokuwa mdogo, tawi la mkwaju lilianguka usiku kwenye barabara ya serikali, kwenye kipande alichopewa baba mkubwa kukiangalia. Asubuhi askari wakapita. Baba mkubwa, jumbe mzima, alilazwa chini mbele yetu akapigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Tangu siku ile, nikiona tawi njiani mikono yangu huliondoa yenyewe. Na shuleni ilikuwa vilevile. Njia safi ilikuwa alama ya watu waliostaarabika, tulifagia kila Jumamosi.

Basi nililitazama lile tawi. Nikafikiri, nani amelikata na kuliacha? Hakuna mti juu yake. Labda mtu wa kuni amelisahau. Labda watoto. Labda ni dawa ya mtu, nisiliguse. Labda nikiliacha, jumbe wa huku atapigwa. Nikalishika, nikalitupa kichakani, nikapangusa mikono, nikashika njia ya kushoto nikijiona nimewatendea watu wema. Nyuma yangu ukungu ulikuwa unashuka.

"Nyuma yako nani?" akauliza Bibi Mwanaidi.

"Masanja, bibi. Mguu unamuuma, lakini hayuko mbali."

Akaongeza maji. Mzee Mloka alikuwa anachonga mpini wa jembe karibu na moto. Bila kuinua macho akasema, "Atafika. Lile gogo la kuvukia mto, kwenye njia ya kulia, limekwenda na mvua ya juzi. Nimelaza tawi leo asubuhi nikitoka shamba. Mpagazi halipiti tawi."

Mwanangu, sijui nikuelezeje. Nilisikia maneno yale na nikayaelewa, na wakati uleule nikakataa kuyaelewa. Tawi lililolazwa njiani maana yake njia hii imefungwa. Kila mtu aliyewahi kutembea na msafara aliijua alama hiyo. Mtoto wa miaka sita pale mlimani aliijua. Mimi mwenye cheti sikuijua, na sikuuliza, kwa sababu sikujua kwamba hapo palikuwa na kitu cha kuuliza.

Nikaanza kufikiri. Labda tawi lake silo lile. Labda Masanja amebahatisha upande. Labda bado amekaa kwenye jiwe. Nikisema, watanicheka tena kama siku ya kwanza. Na kama amekufa, nani atampa ukarani mtu aliyeua? Na kama hajafa, kwa nini niseme? Nikajaribu kuzunguka kwa maneno.

"Mjomba, na tawi likiondoka?"

"Matawi hayana miguu," akasema, akaendelea kuchonga.

Ugali ukasongwa. Maharage yakaletwa. Tukanawa. Nikala. Hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo: nilikula, tonge baada ya tonge, na nilikuwa na njaa. Nje ukungu ulikuwa mweupe kiasi cha kutoona mgomba wa mlangoni, na ilikuwa bado mchana. Sijui nilinyamaza muda gani. Nilipojua, ugali ulikuwa haujasongwa. Niliposema, vyombo vilikuwa vinaoshwa.

Kilichonisemesha si ujasiri. Bibi Mwanaidi alitenga chakula cha Masanja kwenye bakuli, akakifunika kwa jani la mgomba, kisha akalifunua jani akaongeza maharage kidogo. Nikaona mkono wake ukiongeza.

"Nimeliondoa mimi," nikasema.

"Umeondoa nini?"

"Tawi. Nililitupa kichakani."

 Mzee Mloka alichukua kamba na panga, akawa nje kabla sijasimama. Nikamkimbilia. Tulishuka ile njia ya kulia tukiita, na ukungu ulikuwa unairudisha sauti yetu kutoka pande zote, nikawa sijui kama naitika mwenyewe. Chini tukasikia mto, halafu tukasikia mtu anaimba. Masanja alikuwa anaimba wimbo wa wapagazi, kwa meno yanayogongana.

Alikuwa ameteleza ukingoni. Mguu wake mbovu ulikuwa umebanwa kati ya mawe mawili, na maji yalikuwa yanapanda kwa mvua iliyonyesha juu. Alituambia baadaye kwamba alipoanguka yalikuwa chini ya goti. Tulipomkuta yalikuwa kifuani.

"Mluguru," akasema alipomwona Mzee Mloka, "mmeshindwa kutuua kwa njaa sasa mnatuosha?"

"Ningejua ni wewe ningemaliza ugoro wangu kwanza," akajibu Mzee Mloka, na huku alikwisha kuingia majini, na machozi yanamtoka. Mimi niliyaona. Sikuelewa mtu anawezaje kutania na kulia kwa uso mmoja.

Tulimtoa. Mguu ulikuwa umevunjika.

Asubuhi yake Bibi Mwanaidi alinikuta nakunja blanketi. Nilikusudia kuondoka kimyakimya. Akakaa kwenye mkeka wangu.

"Tawi nimekwisha kukusamehe," akasema. "Hukujua. Ungefundishwa na nani, bondeni huko mnakofagia barabara? Lakini ulikula chakula changu huku unajua. Hilo, mjukuu wangu, sijui niliweke wapi."

Nikalikunjua lile blanketi. 

Sikuondoka peke yangu. Tulimfungia Masanja machela, blanketi langu likiwa kitanda chake, nami na Mzee Mloka tukambeba mpaka Morogoro kwa mganga wa mifupa. Mimi nyuma, shanta kifuani. Tulipoingia mjini watu walisimama kutazama, maana machela ilikuwa ya Wazungu, na sasa aliyelala ni mpagazi, na anayembeba amevaa kanzu ya shule. Masanja aliwapungia mkono.

"Taratibu, karani," alikuwa akisema. "Bwana mkubwa hapendi kutikiswa."

Kabla ya kuagana nilimwomba radhi. Akacheka. Nikamwomba tena, akasema nimpe ugoro. Mara ya tatu nikamwambia nataka kujua kweli kama amenisamehe au hajanisamehe. Akanitazama bila kucheka.

"Ukiuliza tena nitasema sijakusamehe, ili upumzike."

Akapona, akachechemea maisha yake yote. Nilipata ukarani, nikaufanya miaka mingi. Sijui kama ule ulikuwa msamaha au utani. Nimeufikiria kila upande.

Basi nasaha yangu ndiyo hii, na ni ya mtu ambaye bado hajapona ugonjwa alionao. Sikwambii uache kufikiri. Najua huwezi, mimi pia sikuweza. Nakwambia hivi: ukikuta kitu njiani usichokielewa, hasa kitu kilichowekwa kwa mkono wa mtu, kiache palepale mpaka uulize. Usiseme ni uchafu kwa sababu shuleni hukufundishwa. Na ukishatambua kwamba umekosea, sema kabla hujawa na uhakika. Uhakika huchelewa, na maji hayakusubiri. Ukisema mapema na kumbe hakuna lililoharibika, watakucheka, na kicheko hakivunji mguu. Aibu yako usiitunze muda wa mlo mzima huku mtu mwingine yuko majini.

Na hiyo kazi unayoichagua, yoyote itakayokuwa, usijiulize tu itakufikisha wapi wewe. Jiulize swali la Bibi Mwanaidi: nyuma yako nani? Mimi nililijibu kwa jina nikadhani nimemaliza.

Mungu akutangulie, mwanangu. Akupe miguu mizuri na ulimi mwepesi wa kukiri. Na kila anayekuja nyuma yako afike salama, akute chakula chake kimefunikwa, bado kina moto.