Mayai ya Kishingo

Ilikuwa mwaka 2014. Hapana, ngoja, 2014 mimi bado nilikuwa naishi kwa mpwa wangu. Ni 2016, maana Pascasie alishahamia mtaani kwetu Frogtown, huku ughaibuni, nyumba ya tatu kutoka kwangu.

Huyu Pascasie, sisi tunamwita Mama Merveille, ni mtu wa Masisi, kule nyumbani. Asubuhi anafanya usafi hospitalini, mchana hakai. Anapanga, anapangua, anachungulia dirishani. Kilichomtuliza ni kuku mmoja tu, kishingo, shingo tupu isiyo na manyoya, kama wale wa marehemu mama yake. Alimweka kwa Byamungu, mwenye kashamba huko mbele ya Woodbury, pamoja na jogoo.

Mbwa akamla. Yakabaki mayai tisa.

"Mzee Elkanah, miguu yako haitulii," akaniambia. "Nenda na Byamungu uniletee. Hayo ndiyo ya mwisho, hakuna mengine."

Nikaenda. Yalikuwa na matope na kinyesi. Sasa, kwetu mtu hampelekei mama wa watu kitu kichafu. Nikapitia kwangu, nikayaosha kwa sabuni ya vyombo mpaka yakang'aa. Moja lilikuwa na doa lililokauka, nikaona halitatoka. Hilo hata sikulitia maji, nikalificha chini kwa aibu.

Akayapokea kwa mikono miwili. Akayainua moja moja karibu na uso. Mawili akayatenga: "Hili refu mno, kifaranga atakosa pa kugeukia. Hili ganda jepesi, litakauka." Saba akayaweka kwenye mashine ya kutotolesha, upande mnene juu, penye hewa. Akafunga kifuniko.

Aliyeniumbua ni Byamungu, Jumapili, nje ya kanisa.

"Uliosha? Mzee! Yai lina utando wake wa kuzaliwa. Ukiutoa, uchafu unapenya kwenye vitundu vya ganda. Umeyapeleka uchi!" Akacheka hadi akashikilia gari asianguke.

Kuanzia hapo sikupata raha. Kila siku napita kwa Mama Merveille, nakaa, nasimama, naaga, narudi tena nimesahau kofia.

"Mzee, kwani unaatamia wewe?" ananitania, huku akiyageuza mayai. Mara tatu kwa siku, hata akitoka kazini amechoka. Nikitaka kukiri, najikuta nauliza habari za kazi.

Siku ya kumi na nne akayamulika kwa tochi ya simu. Sita yalikuwa yameharibika, mawili kati yake yananuka. Lile lenye doa, kitu kikaruka ndani.

Siku ya ishirini na moja kikatoka kifaranga, shingo tupu. Mama Merveille akaketi sakafuni, akalia kidogo, akacheka. Hapo ndipo nikasema.

"Mama, niliyaosha mimi. Yote, isipokuwa hilo."

Alikuwa anamchovya kifaranga mdomo kwenye maji. Akaendelea, kama mtu anayeambiwa jambo analolijua.

"Siku ile ulipoyainua karibu na uso," nikamuuliza, "ulisikia harufu ya sabuni?"